A2 ya Dodoma na A2 ya Uingereza: uchambuzi wa kisa cha leseni ya pikipiki ughaibuni

Jina la mhusika, wilaya aliyofanyia kazi, mji alioishi Uingereza na kampuni zote zilizohusika vimeondolewa. Kiasi cha fedha na mfuatano wa miezi vimebaki, kwa sababu bila hivyo kisa hakifundishi kitu. Ada zinazotajwa ni zile za wakati wa kisa.

Usuli

Mhusika ni mwanamume wa miaka 31, bwana shamba katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Dodoma. Kazini alitumia pikipiki ya ofisi ya cc 125, ile ya kuzunguka vijijini. Nyumbani ana Boxer 150 yake. Kabla ya kuajiriwa aliendesha bajaji Dodoma mjini kwa karibu miaka miwili akisubiri ajira, na kipindi hicho kiliacha alama kwenye leseni yake, ambayo ilisomeka A1, A2 na D.

Hizo herufi tuzisome polepole. Kwa mpangilio wa Tanzania, A ni pikipiki zinazozidi cc 125 au kilo 230. A1 ni pikipiki zilizo chini ya hapo, bila kigari cha pembeni. A2 ni vyombo vya magurudumu matatu au manne, yaani bajaji na ndugu zake. A3 ni vile vidogo visivyozidi cc 50. D ni gari la kawaida la binafsi.

Msomaji makini ameshaona tatizo la kwanza hata kabla ndege haijaruka. Boxer 150 ina injini ya cc 144.8. Chombo hicho kinataka daraja A, na mhusika alikuwa na A1. Aliiendesha miaka sita bila kuulizwa. Barabarani kwetu ukaguzi mara nyingi huishia kwenye leseni ipo, bima ipo, kofia ipo. Daraja ni nadra kusomwa. Kwa hiyo mtu anazoea kuiona leseni kama kitu kimoja: unayo au huna. Ukivuka mpaka na wazo hilo, umeshaanza kukosea.

Alipata ufadhili wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja Uingereza. Chumba alichopata kilikuwa kijijini, kilomita 14 kutoka chuoni, na basi la mwisho lilipita saa moja na nusu jioni. Pikipiki ilikuwa jibu la wazi. Kwenye bajeti yake aliandika pia kwamba pikipiki itajilipia yenyewe, kwa kusambaza chakula jioni kupitia programu za simu. Hesabu hiyo aliifanyia Dodoma, na hakuna aliyeihoji.

Maandalizi kabla ya safari

Alifanya mambo matatu, na jambo moja kubwa hakulifanya.

La kwanza lilikuwa sahihi. Leseni yake ilibakiza miezi minne, akaihuisha kabla ya kuondoka akapata ya miaka 5. Huko aendako haki ya kuendesha kwa leseni ya nyumbani inategemea leseni iwe hai muda wote, na kuihuisha ukiwa mbali ni shughuli pevu.

La pili lilikuwa hasara tupu. Kupitia kiungo kilichozunguka kwenye kundi la WhatsApp alinunua "leseni ya kimataifa ya miaka 10" kwa dola 65. Ilikuja kadi ya plastiki yenye picha ya dunia, pamoja na kijitabu. Hakuna kitu cha namna hiyo. Kibali cha kimataifa cha udereva kinatokana na mikataba: ule wa Paris wa 1926, wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968. Cha mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja. Cha 1968 hakizidi miaka mitatu, na kikikuta leseni yako inaisha kabla ya hapo, kinaisha nayo. Ukiona "miaka 10", au "miaka 20 kwa nyongeza ndogo", umeshajua unaongea na nani. Kibali halali hutolewa katika nchi iliyotoa leseni yenyewe, na kwa Tanzania mtoaji ni Chama cha Magari Tanzania, AAT.

Hata angepata kile halali, kwa safari hii kisingemsaidia kitu. Kibali cha kimataifa ni tafsiri ya leseni yako, yenye mihuri ya madaraja uliyonayo tayari. Daraja usilokuwa nalo hakikupi. Leseni ya Tanzania imeandikwa kwa Kiingereza, na Uingereza haidai tafsiri ya Kiingereza kwenda Kiingereza.

La tatu lilikuwa dogo. Alibeba helmeti yake mpya. Uingereza inatambua helmeti zenye kiwango cha Uingereza au cha ECE 22.05 na kuendelea; lebo yake huwa imeshonwa kwenye mkanda wa kidevuni, herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi. Yake haikuwa na lebo hiyo. Ilikaa juu ya kabati mwaka mzima, akanunua nyingine.

Na ambalo hakulifanya: kuongeza daraja A. Alikuwa na miezi mitano tangu apate barua ya ufadhili. Chuo cha udereva, leseni ya kujifunzia ambayo hudumu miezi mitatu, mtihani wa trafiki, cheti cha umahiri, kisha TRA, mamlaka ya mapato, kwa malipo na kadi mpya. Muda ulitosha, na fedha ilikuwa ndogo kuliko ile aliyotoa kwa kadi yenye picha ya dunia pamoja na nauli za kuifuatilia posta.

Mwezi wa kwanza hadi wa tatu

Sheria ya Uingereza kwa mtu mwenye leseni ya Tanzania ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huko, unaweza kuendesha gari dogo au pikipiki yoyote ambayo leseni yako kamili inakuruhusu. Baada ya hapo leseni hiyo haina kazi, na lazima uanze na leseni ya muda ya huko na mitihani yake. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa moja kwa moja. Kwa Afrika zimo Afrika Kusini na Zimbabwe.

Mhusika aliisoma sheria hiyo akaielewa vizuri. Kilichompoteza ni jedwali la madaraja la Uingereza alilolisoma jioni hiyohiyo. Huko A1 ni pikipiki zisizozidi cc 125 na kilowati 11. A2 ni pikipiki zisizozidi kilowati 35. A ni pikipiki yoyote. Akatazama kadi yake: A2 ipo. Mwishoni mwa Oktoba akanunua pikipiki ya cc 286, kilowati 23 hivi, kwa pauni 2,100. Muuzaji alimuuliza kama ana leseni kamili, akajibu ndiyo, wakapeana mikono.

Makaratasi ya chombo chenyewe aliyashughulikia vizuri: ukaguzi wa MOT, ambao ni lazima kwa chombo kilichozidi miaka mitatu, ulikuwa hai, kodi ya barabara alilipa kwa simu, na usajili ukahamishiwa jina lake.

Bima aliitafuta mtandaoni. Fomu iliuliza aina ya leseni, akachagua "kamili, ya nje". Ikauliza daraja, akachagua A2. Hakuwa na nia ya kudanganya. Fomu ilitaka herufi na herufi alikuwa nayo. Bima ndogo, yenye moto na wizi, ilitoka pauni 980 kwa mwaka, kwa malipo ya kila mwezi. Bei hiyo ni kubwa, na kwa mgeni asiye na historia ya bima nchini humo ni kawaida.

Wiki ya saba kampuni ikamwandikia: tuma picha ya leseni mbele na nyuma, pamoja na maelezo ya kila daraja kwa mujibu wa mamlaka iliyoitoa. Ombi la kawaida kabisa, hufanywa kwa wenye leseni za nje. Akafungua maelezo ya madaraja ya nyumbani ili anakili. A1 akaiandika. Alipofika A2 akasoma "magurudumu matatu au manne", mkono ukasimama.

Usiku huo alimpigia mtu wa Singida anayeishi Uingereza miaka mingi na anayefundisha uendeshaji wa pikipiki.

"Kaka, shikamoo. Bima wanataka maelezo ya A2. Niandike nini?"

"Marahaba. Andika kilichopo, mdogo wangu. A2 yako ni ya bajaji."

"Lakini jedwali linasema A2 ni mpaka kilowati 35."

"Jedwali lao. Leseni yetu."

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusema ukweli kwa kampuni ya bima. Kulikuwa na kishawishi cha kutuma picha bila maelezo na kuomba Mungu. Kaka alimweleza hesabu yake. Kuendesha chombo ambacho leseni yako haikiruhusu ni kosa; kuendesha bila bima halali ni kosa zito zaidi, adhabu ya papo kwa papo ni pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na polisi wana mamlaka ya kukamata chombo. Kamera za barabarani husoma namba na kuzilinganisha na kanzidata ya bima, hivyo kujificha hakupo. Akaandika barua ya mistari sita: nilielewa herufi vibaya, daraja langu la pikipiki ni A1 pekee, tangu jana sijaendesha.

Kampuni ilijibu kwamba itafuta bima ndani ya siku 7. Hapa kuna ujanja halali ambao wageni wengi hawaujui. Fomu za bima za huko, mwaka nenda mwaka rudi, huuliza: je, umewahi kufutiwa bima na kampuni? Ukijibu ndiyo, bei inapanda na kampuni nyingine zinakukataa kabisa. Kwa ushauri wa kaka, aliomba aruhusiwe kuifuta mwenyewe kabla ya siku 7 kwisha. Wakakubali. Alipoteza pauni 190 za miezi aliyotumia na ada ya kufuta, lakini rekodi yake ikabaki safi.

Uamuzi wa pili ulihusu chombo. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara ya umma. Uingereza chombo kisicho na bima lazima kitangazwe kuwa kimetolewa barabarani, na kikishatangazwa hakiruhusiwi hata kuegeshwa barabara ya umma. Hakuwa na uwanja. Kaka alikuja na gari la kubebea, wakaipeleka kwenye karakana yake, na Januari ikauzwa pauni 1,750. Januari ni mwezi mbaya wa kuuza pikipiki Uingereza. Baridi imeshika na wanunuzi wachache. Kungoja hadi Aprili kungeongeza labda pauni 200, ila fedha ilihitajika.

Wa tatu ulikuwa wa kukataa. Rafiki wa kijiweni Dodoma alimwandikia kwamba kuna mtu anaweza "kumwongezea A" bila yeye kuwepo, atume tu fedha na picha ya kadi. Tuache kwanza kwamba hiyo ni rushwa na mtihani wa kughushi. Hata kwa hesabu za kihuni haikusimama: daraja lingeonyesha limetolewa Januari, na muhuri wa kuingia Uingereza ni wa Septemba. Kampuni ya bima iliyokwishapokea barua ya mistari sita ingeona daraja limezaliwa wiki tatu baadaye, mwenye leseni akiwa bara jingine.

Wa nne ndio uliomuuma. Viza ya mwanafunzi Uingereza inamruhusu kuajiriwa kwa saa zilizowekwa, 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa ngazi yake ya masomo, lakini inamkataza kujiajiri. Wasambazaji wa chakula wa programu za simu kwa kawaida huhesabika wamejiajiri. Kwa hiyo hata angekuwa na leseni ya dhahabu, kazi ile ilikuwa imefungwa. Na kama isingefungwa, bima ya kawaida ya kwenda chuoni na kurudi haifuniki kubeba mzigo kwa malipo. Inatakiwa bima ya biashara, ambayo kwa mgeni mwenye pikipiki inaweza kupita bei ya chombo. Alifuta mstari huo kwenye bajeti akatafuta kazi ya maktaba.

Mwisho, njia ya kuendelea. Alikuwa na chaguo mbili halali. Ya kwanza: anunue cc 125 na kuiendesha kwa A1 yake ya Tanzania hadi miezi 12 iishe. Ya pili: achukue leseni ya muda ya Uingereza, afanye mafunzo ya lazima ya CBT, kisha mitihani hadi daraja A. Alichagua zote mbili kwa pamoja, na sababu ilikuwa bima. Alipopiga hesabu kwa pikipiki ileile ya cc 124, kampuni nyingi zilimpa bei ya chini akitaja CBT kuliko akitaja leseni ya nje. Kampuni inaijua CBT. Herufi za Tanzania haizijui.

Kutoka leseni ya muda hadi daraja A

Leseni ya muda iliombwa mtandaoni kwa pauni 34. Sharti ni uwe na ruhusa ya kuishi huko angalau siku 185, na viza yake ilizidi. Leseni ya Tanzania haikutumwa popote, kwa sababu haibadilishwi. Kuna wanaoipeleka posta kwa kudhani inahitajika na kubaki bila kitu mkononi.

CBT ni siku moja, na pale aliposoma ilikuwa pauni 150. Inaanza na macho: usome namba ya gari kutoka mita 20. Kisha uwanjani, halafu angalau saa mbili barabarani na mwalimu nyuma yako, akiongea kwenye redio ya sikioni. Cheti hudumu miaka miwili na kinaruhusu cc 125 yenye kibao cha L cha mwanafunzi, bila abiria na bila kuingia barabara kuu za mwendokasi. Aliipata siku hiyohiyo. Upande wa barabara haukumsumbua, sisi sote tunakaa kushoto, na kipilefti kinazunguka vilevile. Kilichomshangaza mwalimu ni kwamba aliteremka mlima na frii, yaani bila gia. Kwetu ni kubana mafuta. Kule ni kosa la uendeshaji, na kwenye lami yenye maji gia ndiyo nusu ya breki.

Mtihani wa nadharia ni pauni 23: maswali 50, unatakiwa 43, kisha video za kutambua hatari, unatakiwa alama 44 kati ya 75. Maswali alipata 48. Video alianguka. Mtahiniwa anabonyeza anapoona hatari inaanza kuchipuka, na yeye alibonyeza kwa mdundo, tap tap tap, ili asikose. Mfumo hutambua mdundo na kuipa video hiyo sifuri. Mara ya pili alibonyeza mara moja au mbili kwa kila hatari, akapita kwa 57.

Kipande kigumu kilikuwa mtihani wa kwanza wa vitendo, unaofanyika uwanjani kwa pauni 15.50. Hapa inafaa kukaa kidogo, maana dereva wa Dodoma mwenye uzoefu wa miaka kumi anaweza kuanguka pale ambapo kijana wa miaka 24 aliyeanza jana anapita.

Kuna kona za vikoni, namba nane, mwendo wa pole, kugeuza ndani ya mistari miwili, kufunga breki ya dharura kwa kasi isiyopungua kilomita 50 kwa saa, na kukwepa kizuizi kwa kasi hiyohiyo. Mhusika alikuwa na mazoea mawili yaliyojengwa na udongo wa kwao. La kwanza ni mguu. Kwenye mchanga wa korongo, mguu nje ndio ponapona. Gurudumu la mbele likianza kucheza unaushusha, unasukuma, unaendelea. Kwenye kugeuza ndani ya mistari aliushusha bila hata kujijua, na wakati anajisawazisha gurudumu la mbele likavuka mstari. Mtihani ukaishia hapo.

La pili ni breki. Mchanga unafundisha kuogopa breki ya mbele, kwa sababu ukiibana gurudumu linazama na wewe unatangulia. Kwa hiyo mguu wa kulia unafanya kazi yote. Juu ya lami ni kinyume: uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, na ukikanyaga breki ya nyuma peke yake linateleza huku chombo hakisimami. Mazoezini aliburuza gurudumu la nyuma mara nne. Kaka alimrekebisha kwa zoezi moja: mguu wa kulia aukunje kidole ndani ya buti asiguse breki ya nyuma kabisa, aanze kubana ya mbele kwa vidole viwili, taratibu kisha kwa nguvu, mara ishirini mfululizo kwa kilomita 30, halafu 40, halafu 50. Ya nyuma ikaongezwa mwishoni. Kwa kugeuza, dawa ilikuwa kutazama mbali: shingo igeuke mpaka kidevu kiguse bega, klachi ishikwe nusu, breki ya nyuma ikandamizwe kidogo tu kushikilia mwendo. Ukitazama mstari utaufuata mstari.

Mara ya pili alipita akiwa na makosa madogo matatu. Yanayovumiliwa ni matano. Mtihani wa barabarani, pauni 75, alipita mara ya kwanza mwezi Juni. Alikuwa ameshazoea kugeuza kichwa kutazama begani kabla ya kila kona, jambo ambalo kioo peke yake hakilitoshelezi na watahini hulihesabu.

Matokeo

Miezi 12 ilipokamilika katikati ya Septemba, leseni yake ya Tanzania ilikoma kufanya kazi Uingereza. Hakuathirika, alikuwa na leseni kamili ya huko, daraja A. Aliendesha cc 124 hadi mwisho na kuiuza kwa hasara ya pauni 50.

Kosa la herufi lilimgharimu pauni 540, yaani 350 za pikipiki na 190 za bima, ukiacha dola 65 za kadi ya bandia. Mitihani, CBT na leseni vilikula pauni 336, na siku tatu za shule kwenye pikipiki kubwa zikaongeza 400. Gari la kubebea na karakana kaka hakutaka kulipwa. Alipelekewa kilo mbili za zabibu kavu za Dodoma na mtu aliyekuwa anasafiri.

Uchambuzi

Ukweli kwa kampuni ya bima ulifanya kazi, na ulifanya kazi kwa sababu ulikuja mapema. Barua ileile baada ya ajali ingesomwa kama utetezi. Tunakadiria kwamba huu ndio uamuzi uliookoa mengine yote, pamoja na bima yake ya baadaye na uhusiano wake na chuo.

Kuhuisha leseni kabla ya safari kulifanya kazi pia, kimyakimya. Angekwenda na ile ya miezi minne, Januari asingekuwa hata na A1.

Kilichokwama kilianzia kwenye swali lenyewe. Dodoma aliuliza watu wengi, "Leseni yetu inakubalika Uingereza?" Wote walijibu ndiyo, na wote walikuwa sahihi. Swali lililotakiwa ni: leseni yangu inaniruhusu chombo gani *hapa*, kwa maneno na siyo kwa herufi? Ukiandika kwenye karatasi "pikipiki chini ya cc 125, chombo cha magurudumu matatu au manne, gari dogo", huwezi tena kununua cc 286. Herufi A1 inafanana kwa bahati, nchi zote mbili ziko kwenye cc 125, na kufanana huko ndiko kulikomfanya aiamini A2 inayofuata.

Fomu ya bima nayo ina lawama yake. Ilimpa mwenye leseni ya nje orodha ya madaraja ya Uingereza achague, badala ya kumwuliza aandike leseni yake inasema nini. Lakini anayebeba matokeo ya fomu mbaya ni aliyeijaza. Ukikutana na fomu ya namna hiyo, piga simu, mweleze mhudumu kwa maneno, na omba uthibitisho wa barua pepe kabla ya kulipa.

Suala la kujiajiri halikuwa la leseni kabisa, ila ndilo lililoyumbisha bajeti zaidi. Tunaliona mara kwa mara: mtu anapanga chombo, mafuta na bima kwa kutegemea kazi ambayo viza yake imeikataza kwenye barua ya ukurasa mmoja aliyopewa.

Tahadhari kwa anayesoma hili akipanga safari ya karibu. Kutoka Dodoma kupitia Kondoa, Babati na Arusha hadi Namanga na kuingia Kenya kwa pikipiki yako mwenyewe ni kisa kingine. Pale uzito uko kwenye chombo: kadi ya pikipiki iwe kwa jina lako au uwe na barua ya mwenye nayo, na bima iongezewe Kadi ya Njano, yaani bima ya kuvuka mpaka ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango wa Kadi ya Njano, kwa hiyo inapatikana kupitia kampuni za bima za hapa nchini. Daraja la leseni hata hivyo ni lilelile, na Boxer 150 inabaki kuwa cc 144.8 ukiwa pande zote mbili za mpaka.

Mhusika alirudi Novemba. Kwenye pochi ana kadi ya Uingereza inayosema A, pikipiki yoyote, na kadi ya Tanzania ambayo bado inasoma A1, A2 na D. Boxer ilikuwa kwa shemeji yake Nkuhungu, chini ya turubai, betri imekufa. Aliinunulia betri, akaisukuma kwa mguu mpaka kwa fundi, na kesho yake asubuhi akapanda daladala kwenda chuo cha udereva kujiandikisha kwa mtihani wa daraja A.